Betri Niliyoichonga kwa Kisu

Jumamosi iliyopita vijana wa karakana moja hapa Tanga walinialika nikawaeleze jinsi ya kuchagua betri ya laptopu iliyozeeka. Walinipa kiti cha mbele, wakanipa soda baridi, wakaniita mwalimu wao. Nilizungumza saa nzima. Nikawaonyesha lebo, nikawaonyesha mita, nikawachekesha mara mbili tatu. Mwisho mmoja wao akasema, "Mzee Sefu, tupe na kosa lako moja tulicheke." Nikawapa kisa cha redio na mpira. Walicheka mpaka wakapiga meza.

Nilirudi nyumbani Nguvumali kwa miguu na sikuwa na raha. Kosa nililowapa lilikuwa la utoto wa kazi, halina maumivu tena. Lile lenyewe nililikalia, kama nilivyolikalia miaka yote. Mke wangu aliniuliza mbona sili chakula, nikamwambia soda imenijaza tumbo.

Basi vijana wangu, haya ndiyo niliyoyaacha. Nimeona niyaandike, maana nikiyasema mbele yenu nitatafuta pa kuchekesha tena.

Yale ya Jumamosi nayarudia kwa ufupi, kwa kuwa ni ya kweli na bila hayo hamtaelewa nilichofanya.

Betri ya laptopu haichaguliwi kwa jina la laptopu. Kampuni moja hutengeneza mashine kumi zinazofanana sura, na kila moja ina betri yake. Itoe ile ya zamani, igeuze, ifute vumbi, usome namba iliyo mgongoni. Namba hiyo ndiyo utakayoiulizia. Kisha tazama volti. Mtakuta moja imeandikwa kumi nukta nane na nyingine kumi na moja nukta moja. Hizo ni ndugu, msiogope. Lakini ya kumi na ya kumi na nne si ndugu. Ule uwezo wa kukaa na chaji ukizidi si kitu, mtu atafanya kazi muda mrefu zaidi. Kisha hesabu yale meno ya shaba. Mawili hupitisha umeme, na mengine huiambia mashine habari za betri, na mojawapo kazi yake ni kupima joto. Halafu aina. Mashine za zamani zilikuwa na betri za nikeli, za baadaye zikaja za lithiamu. Chaja iliyoundwa kulisha nikeli haijui mahali pa kuacha inapolisha lithiamu. Itaendelea kushindilia tu.

Na betri ikikataa kuingia mahali pake, irudishe ilikotoka. Usiishikie kisu.

Jumamosi niliposema hayo ya kisu mlidhani ni mzaha wa mzee.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Mbwana. Alikuwa na kibanda Ngamiani, kibanda cha watu wawili, wa tatu akija mmoja hutoka. Nilikwenda kwake miaka ile ya shida, sabuni ilipokuwa haionekani na sukari tunaipanga foleni tangu alfajiri. Redio zilikuwepo, betri hazikuwepo. Mtu akipata betri mbili mpya alizificha chini ya godoro, asije akaulizwa kazipata wapi akaambiwa mlanguzi. Kazi yetu kubwa ikawa kuzirudishia uhai zilizokufa. Tulizianika juu ya bati, tukizigeuza adhuhuri kama mtu anayeanika dagaa. Jioni tunazipanga nane, kumi, ndani ya jalada la daftari lililoviringishwa, tunafunga kwa uzi wa katani. Katani ndicho kitu pekee ambacho Tanga hakikuadimika.

Fundi Mbwana alikuwa na sharti moja lililonikera. Kabla ya kufungua chombo chochote nilitakiwa kunakili kwenye daftari kila kilichoandikwa mgongoni mwake. Kila herufi, kila namba. Mwezi mzima sikushika bisibisi, nilishika kalamu tu. Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi vizuri, nikaona ananidharau.

Kisa cha mpira kilitokea hapo. Timu ya mkoa wetu inacheza Dar es Salaam, jirani kaleta redio yake ya betri nne, mtaa mzima umejaa barazani. Fundi katoka. Mimi nikapanga betri kumi za kuanikwa, nikikisia kwamba zimechoka na zitatoa nguvu ya nne. Kumbe jua la wiki ile lilikuwa kali na zilipata nafuu kuliko nilivyodhani. Redio ikaanza kwa sauti ya ajabu, watu wakashangilia, "Fundi huyo!" Mwamba wa timu yetu akajiandaa kupiga penalti. Ikatoka "pu", kisha moshi mweupe, kisha kimya. Watu walitimka mtaa wa pili kutafuta redio nyingine. Akabaki mzee mmoja mwenye magoti mabovu, ananitazama. "Kafunga, hakufunga?"

Hapo ndipo mlipocheka. Sikuwaambia kilichofuata. Asubuhi yake Fundi Mbwana alinichukua nyumba kwa nyumba, kwa wote waliokuwa pale barazani, na kila mlango alinisimamisha mbele yake niseme kwa kinywa changu: "Shikamoo, mimi ndiye niliyeiunguza ile redio. Haikuwa mbovu, na Fundi hakuwepo." Nyumba kumi na tisa. Alikuwa haniongezei neno. Tulipomaliza akaninunulia chai.

Kwa hiyo siwezi kusema sikufundishwa.

Kisha ikaja ruksa ya kuleta bidhaa kutoka nje. Mambo yalifunguka mtu asiamini macho yake. Redio za kaseti, televisheni, pasi, feni, vyote vimetumika Ulaya na Uarabuni, vinateremka kutoka Mombasa kupitia mpaka wa Horohoro kwa malori na kwa vichwa vya watu. Betri za redio zikawa zinauzwa pamoja na njugu. Macho ya Fundi Mbwana yalianza kuingia ukungu, akaniachia kazi, akastaafu nyumbani kwake. Nikakodi chumba kikubwa chenye mlango wa kukunja, nikamwita mchoraji aandike ubao: FUNDI SEFU, REDIO, TV NA KOMPYUTA.

Hilo neno la mwisho lilikuwa la kujisifu. Nilipoliandika nilikuwa nimeshafungua kompyuta mbili, na moja sikuweza kuifunga. Lakini mtaa ule hakukuwa na mwingine. Watu wa ofisini wakaanza kuniletea, nami nikajifunza kwa kubahatisha, na kila nilipobahatika sifa ikapanda. Ikafika mahali nikawa sijui tena kutamka "sijui". Mnaoanza kazi, mjichunge hapo.

Mwalimu Rukia alikuja asubuhi moja ya Jumatatu. Alikuwa mwanamke wa makamo ya juu, mwembamba, kavaa buibui lililopauka, mkononi kakumbatia mkoba wa ukili kama aliyebeba mtoto. Kasafiri kutoka Mkwaja, kavuka pantoni ya Pangani, na vumbi la njia bado liko kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye Fundi Sefu? Nimeambiwa Tanga nzima ni wewe."

Mkobani mlikuwa na laptopu nene, nzito, ya rangi ya majivu. Mpwa wake aliyeko Maskati alimpa alipomaliza kuitumia. Betri yake ilikuwa imekufa kabisa. Ukichomoa waya, mashine inazimika papo hapo. Na kwao Mkwaja umeme haukuwa umefika.

"Mdogo wangu Hamadi ana jenereta," akanieleza. "Anachajia watu betri za redio, ndiyo kazi yake. Lakini mafuta yanapatikana siku moja moja. Nataka betri ichajiwe siku jenereta ikiwaka, halafu niende nayo kwa mabibi zangu."

"Mabibi gani, Mwalimu?"

Akatabasamu kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa. Tangu alipoacha kufundisha alikuwa anakusanya maneno ya Kimtang'ata, kile Kiswahili cha zamani cha pwani yetu ambacho watoto wake shuleni walikuwa wanakionea haya. Alikwenda kwa wanawake wazee, mmoja mmoja, anakaa nao wakikuna nazi au wakisuka ukili, anawauliza majina ya vitu. Alikuwa ameyaandika kwenye madaftari, na sasa anayaingiza kwenye mashine, neno na maana yake, neno na mfano wake. Wazee kumi na mmoja. Mmoja wao, mkubwa kuliko wote, alikuwa ameanza kuugua.

"Huyo ndiye ananikimbiza," akasema. "Akiondoka huyo, sijui nimwulize nani."

Akiwa pale dukani alinipa neno moja. Ni la ule wakati mfuniko wa chungu unapoanza kutikisika kabla maji hayajachemka. Lina jina lake. Nilicheka, nikasema zuri, nikaendelea kufungua skurubu. Vijana wangu, nimelitafuta neno lile kichwani miaka yote hii na silipati.

Nilisoma lebo. Betri ya nikeli, meno matano. Nilijua palepale kwamba sina na kwamba kuipata itanichukua wiki tatu au nne, iagizwe Mombasa. Mwalimu akaniomba pia nimtazamie mlango wa disketi, ulikuwa haufanyi kazi, ili aweze kuyatoa maneno yake ayaweke pembeni.

"Tuanze na betri," nikamwambia. "Hiyo disketi baadaye."

"Itachukua siku ngapi?"

Nilipaswa kusema mwezi. Nikautazama ubao wangu mlangoni, rangi bado inang'aa.

"Njoo Ijumaa," nikasema.

Jumatano nilikwenda Horohoro kumpokea Mama Saumu. Huyu alikuwa mfanyabiashara aliyekuwa akivusha vifaa vya umeme vilivyotumika, na alijua betri kuliko mafundi wengi. Alifungua furushi lake nyuma ya lori, akachambua kama anayechambua mchele.

"Ya namba hiyo sina, Sefu. Hii inakaribiana umbo, lakini ni lithiamu. Usiichukue. Nitakuletea yako safari ijayo."

"Safari ijayo lini?"

"Mwezi ujao, Mungu akipenda."

"Nipe hiyohiyo. Nitaifanya iingie."

"Kuingia itaingia," akasema. "Hata mguu wangu ukiukata vidole utaingia kiatu cha mtoto."

Nikacheka. Nikaichukua.

Alhamisi nzima nilijifungia dukani. Nilichonga kingo za plastiki kwa kisu mpaka betri ikakaa mahali pake. Meno hayakulingana, nikayahamisha kwa waya. Ndani yake mlikuwa na kibao kidogo cha kuilinda isichajiwe kupita kiasi. Kibao kikawa kinakataa kuelewana na mashine, nikakitoa. Mashine nayo ikakataa kuchaji, kwa sababu ilikuwa hailioni lile jino la joto. Hapo nikafanya jambo ambalo ndilo linaloniamsha usiku. Nililehemu kizuizi kidogo cha umeme kwenye jino lile, ili mashine iamini kwamba betri ni ya baridi siku zote, hata ikiwa inaungua.

Taa ya kuchaji ikawaka. Nilifurahi, wallahi. Nilijiona mjanja kuliko waliotengeneza mashine ile. Niliiacha nusu saa, nikaishika tumbo kwa nyuma ya kiganja. Ilikuwa ya moto. Nikajiambia betri mpya zote zina joto. Siyo kweli, na nilijua siyo kweli.

Ijumaa Mwalimu alikuja, akaichomoa waya, mashine ikabaki inawaka. Alishika mdomo kwa mikono miwili. Aliniombea dua ndefu pale mlangoni, watu wanapita wanasikia, akanitaja mimi na wazazi wangu. Niliitikia amina.

Siku tisa baadaye walikuja wote wawili, yeye na mdogo wake. Mkono wa kulia wa Mwalimu ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo. Hamadi, mwanamume mpana mwenye sauti ya chini, ndiye aliyebeba laptopu. Aliiweka juu ya meza yangu. Upande mmoja ulikuwa umeyeyuka ukashuka kama nta, na pale palipokuwa na diski yenye maneno ya Mwalimu, iliyokaa ubavuni mwa betri, palikuwa na kitu cheusi.

Hamadi alikuwa anaichaji kwa jenereta, wakaiacha juu ya rundo la madaftari ya dada yake. Mwalimu akaingia ndani kuswali adhuhuri. Aliposikia harufu, moto ulikuwa umeshashika karatasi. Alijaribu kuyaokoa madaftari kwa mkono mtupu. Aliokoa majalada mawili.

"Niambie tu, Fundi," akasema. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia mpaka yakaisha. "Nimekosea wapi?"

Kulikuwa na wateja wawili wamekaa kwenye benchi. Mmoja alikuwa bwana wa ofisi aliyeniletea kompyuta tatu siku ile. Wote wananitazama. Nilichukua bisibisi, nikafunguafungua, nikaona lehemu yangu mwenyewe imebaki pale, inang'aa katikati ya masizi. Nikaifunika kwa kidole gumba.

"Umechaji kwa kitu gani?" nikamwuliza Hamadi.

"Kwa jenereta yangu."

Nikatikisa kichwa polepole, kama daktari. "Umeme wa jenereta unapanda na kushuka, bwana. Mashine hizi hazitaki hivyo. Ndicho kilichoiunguza."

Hamadi akasema, "Lakini watu wote wanachaji kwangu. Hata redio moja haijaungua."

"Redio siyo kompyuta," nikasema.

Mwalimu Rukia aligeuka akamtazama mdogo wake, na sikuwahi kuona mtu akimtazama mwenzake vile. Hamadi naye alikuwa anaanza kuniamini. Walitoka dukani mmoja mbele mmoja nyuma, na yule wa ofisini akasema, "Watu wa vijijini bwana, wanapewa vitu wasivyojua kuvitumia." Nami nikasema ndiyo.

Mashine waliniachia. Niliitupa kwenye kapu la mabaki chini ya meza.

Baadaye, kwa wasafiri wa njia ile, nikasikia kwamba dada na mdogo wake hawasemeshani. Kwamba Mwalimu alimwambia neno zito mbele za watu. Kwamba Hamadi ameacha kazi ya kuchajia watu, ati ana mkono wa nuksi. Kwamba yule bibi mgonjwa alifariki. Kila habari ilipokuja nilikuwa nina sababu ya kuinama chini ya meza kutafuta kitu.

Mwaka na nusu ulipita hivyo. Ubao ulipauka nikaupaka rangi upya.

Siku moja Fundi Mbwana alikuja kunitembelea, akishikwa mkono na binti yake. Macho yalikuwa yamebakiza mwanga kidogo wa kutofautisha mchana na kivuli. Nikamkalisha, binti akaenda sokoni. Mzee hakuweza kukaa bure. Mikono yake ikaanza kutalii, ikaingia kwenye kapu, ikatoka na ile laptopu. Akaigeuza. Akapapasa. Vidole vyake vikapita kwenye kingo za betri, vikasimama pale nilipochonga. Vikashuka ndani, vikakuta lile tone la lehemu kwenye jino la joto. Akalikwaruza kwa ukucha, mara ya kwanza na ya pili.

"Hii kaifanya nani?"

Ningeweza kumdanganya, alikuwa haoni uso wangu.

"Mimi, Fundi."

"Iliungua ikiwa kwa mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Umemwambia?"

Aliisubiri ile "ndiyo" ya pili kwa muda mrefu. Feni ilikuwa inazunguka, nje mtu anauza ndizi za kuchoma. Kisha akaiweka mashine chini taratibu, akajifuta masizi kwenye kanzu yake nyeupe, na hakuonekana kujua kama anajichafua.

"Sefu," akasema, "watu wakikuuliza nani alikufundisha kazi, usinitaje."

Binti aliporudi alimkuta mzee wake amesimama mlangoni, hataki kukaa tena. Kahawa niliyomwagizia ilipoa mezani.

Kesho yake nilipanda lori la Pangani, nikavuka, nikapata lingine la kwenda Mkwaja. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Niliyapanga vizuri sana, yakawa na sababu nyingi: haraka yake mwenyewe, uhaba wa vifaa, ugeni wa mashine. Nilipofika na kuelekezwa nyumba, nilimkuta Mwalimu Rukia amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulilala mapajani, vidole viwili vimejikunja havinyooki. Maneno yangu yote yakapotea.

"Karibu, Fundi," akasema, akafurahi kweli. "Umekuja mpaka kwetu? Ngoja uangushiwe dafu."

"Usiniangushie dafu, Mwalimu. Nimekuja kukwambia. Jenereta ya Hamadi haikuunguza kitu. Ni betri yangu. Haikuwa betri ya mashine ile. Niliichonga, nikaidanganya mashine, nikajua, nikakupa. Na siku mliyokuja nililijua hilo pia, nikamtupia Hamadi."

Mkono wake uliokuwa unakuna ulisimama. Nilingoja anitukane. Kuku walikuja wakaanza kula nazi kwenye sinia na hakuwafukuza.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

Alinyanyuka, akavaa kanga yake kichwani. "Twende. Utayasema hivyohivyo."

Nyumba ya Hamadi ilikuwa hatua chache tu, upande wa pili wa njia. Nilielewa baadaye kwamba hatua hizo Mwalimu hakuwa amezitembea tangu moto ule. Mke wa Hamadi alipotuona tunakuja aliangusha ufagio. Mwalimu akapiga hodi mlangoni kwa mdogo wake kama mgeni. Hamadi akatoka, kakonda, ananitazama mimi, hamtazami dada yake.

Nikasema. Mara hii ya tatu ilikuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu alinisikiliza kwa makini sana, kama mwanafunzi, asipitwe na neno. Nilipomaliza hakuuliza kwa nini. Aliuliza kitu kimoja.

"Jenereta yangu ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima, Hamadi."

"Niliivunja kwa nyundo," akasema. Halafu akakaa chini palepale kizingitini, mwanamume mpana vile, akaziba uso kwa viganja.

Mwalimu Rukia alipiga magoti mbele yake. Yeye mkubwa, akampigia magoti mdogo. "Nisamehe, ndugu yangu. Nimekuacha, nimemwamini mtu baki." Mtu baki nilikuwa mimi, nimesimama hapohapo. Hamadi alimshika ule mkono uliojikunja, akautazama, akasema, "Ingia ndani, dada. Jua kali." Wakaingia. Pazia likaanguka nyuma yao.

Mimi sikuambiwa niingie wala niondoke. Nilisimama uani na viatu vyangu vya mjini. Ndani kilisikika kilio, kisha sauti zikaanza kuzungumza kwa kupokezana. Nikamsikia Mwalimu anamwuliza kama anakumbuka bibi yao alivyokuwa akiuita upepo wa alfajiri, ule wa kukausha mpunga. Hamadi akalitaja neno bila kufikiri. Kumbe alilelewa na bibi huyo, maneno yote anayo. Akalitaja la pili, na la tatu, yanamtoka kama mtu aliyekuwa amefungwa mdomo. Mwalimu akapaza sauti, "Ngoja! Ngoja kwanza! Nani ana kalamu humu?"

Mke wa Hamadi akatoka mbio, anatazama huku na huku, hana la kufanya. Nilikuwa na kalamu kwenye mfuko wa shati. Nikaitoa, nikamnyooshea. Akaichukua bila kuniangalia usoni, akarudi ndani, akalivuta pazia mpaka mwisho.